Kila Nikipuliza Moshi, Nyuki Wangu Wanazidi Ukali

"Salaam aleikum mwalimu. Niko Msabaha, kando ya msitu wa Arabuko. Nina mizinga minne, miwili ya Langstroth, ile ya masanduku yenye fremu, na miwili ya KTBH, ile ya Kenya yenye vijiti vya juu, na huu ni mwaka wangu wa pili. Nina bomba la moshi, vazi na glovu. Taabu yangu ni kwamba kila nikifungua mzinga nyuki wanazidi ukali. Napuliza moshi mpaka mzinga wenyewe siuoni, na wao ndio kwanza wanatoka. Mwezi uliopita walimfuata mtoto wa jirani mpaka kisimani, na mbuzi wangu mmoja aliyekuwa amefungwa mwembeni akafa. Asali nayo, mnunuzi wa Watamu aliionja akairudisha, anasema inanuka moshi. Kuna mzee ananishauri nitie tumbaku. Mwengine anasema kipande cha mpira wa gari ndio dawa, nyuki hulala fofofo. Nifanye nini? Au niache moshi nitumie maji?"

Waaleikum salaam, dada. Pole kwa mbuzi, na pole zaidi kwa mama wa huyo mtoto. Swali lako nimelisoma mara mbili, na maneno yaliyonikaa ni haya: "napuliza moshi mpaka mzinga wenyewe siuoni." Nyuki wako hawana ubaya wowote usio wa kawaida. Moshi wako ni mwingi, nadhani pia ni wa moto, na unafika wakati nyuki wameshakasirika. Tumbaku usitie. Mpira wa gari hata usiusogeze karibu. Sababu zake zinakuja.

Kwanza tuliondoe hili la kulala. Watu wengi huku kwetu wanaamini moshi huwalevya nyuki. Haulevyi. Nyuki aliyepigwa na moshi mzuri yuko macho, anatembea, anafanya kazi. Ukiona nyuki wameanguka chini wanatapatapa, ujue umewatia sumu au umewaunguza, na hao usiwahesabu tena. Tumbaku ina nikotini, na nikotini ni dawa ya kuua wadudu. Kwa hiyo mzee hakukudanganya aliposema wananyamaza, ila wananyamaza kama anavyonyamaza mtu aliyepigwa rungu. Mpira ni vivyo hivyo, na juu yake masizi yake yanaingia kwenye nta, na asali uliyovunia moshi wa mpira mimi nisingempa mtu ale.

Sasa moshi hufanya nini? Nyuki mlinzi akishtuka huinua tumbo, hutoa mwiba nje na kupepea harufu. Ukiwa karibu unaweza kuinusa mwenyewe: inafanana na ndizi iliyoiva kupita kiasi, na kemikali iliyomo ndani yake ndiyo hiyohiyo inayoipa ndizi harufu yake. Kwa nyuki harufu hiyo ni mbiu ya mgambo. Wa pili akiinusa, naye anatoa yake, wa tatu vilevile, na kabla hujageuka kundi zima liko nje. Akikuuma, mwiba unabaki mwilini mwako pamoja na harufu, na pale ulipochomwa panakuwa shabaha ya wenzake. Ndiyo maana mtu huumwa mara kumi mahali pamoja.

Moshi unaizima mbiu hiyo. Nyuki hunusa kwa vipapasio, na moshi ukivigusa hupungukiwa uwezo wa kuisikia harufu ya hatari. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1995 yalipima jambo hili kwenye vipapasio vyenyewe: baada ya moshi vilipwaya, na baada ya dakika kumi hadi ishirini vikarudi kama vilivyokuwa. Hizo dakika ndizo muda wako wa kufanya kazi. Si saa nzima, wala huwezi kuzirefusha kwa kumwaga moshi mwingi kwa mkupuo.

Kuna na jambo la pili, ambalo huenda umelisikia: nyuki wakinusa moshi hudhani msitu unaungua, wakakimbilia kujaza matumbo asali tayari kwa safari. Lina ukweli. Ukifungua fremu dakika moja au mbili baada ya moshi utawaona wengi wamezamisha vichwa kwenye vijumba vya asali, makalio juu. Nyuki aliyeshiba huwa mzito na hana haraka ya vita. Lakini si wote wanaokula, na walinzi wa mlangoni ndio wa mwisho kufanya hivyo. Kwa hiyo usiutegemee ulafi wao peke yake.

Ukiyaweka pamoja hayo mawili, utaona mwenyewe unapokosea. Moshi huzuia mbiu isisikike, ila iliyokwisha kupigwa haiwezi kuirudisha. Ukifungua kifuniko kwanza, ukasikia wananguruma, ndipo ukakimbilia bomba, umechelewa. Na ukipuliza mpaka usiuone mzinga, joto na masizi vyenyewe vinakuwa shambulio. Nyuki wanatoka kwa sababu ndani hakukaliki.

Nyuki wetu wa pwani ni wa kusamehewa pia. Wataalamu humwita Apis mellifera litorea. Ni mdogo wa umbo, ana umanjano mwingi, na ni wa ukoo wa Kiafrika uliozoea kuvamiwa na nyegere, siafu na binadamu mwenye kienge cha makuti. Haoni haya kupigana, na akichoka na fujo zako huhama mzinga. Bomba la mivukuto unalotumia lilianzia Marekani, kwa Moses Quinby wa New York miaka ya 1870, na huko nyuki wao walitoka Ulaya, ambao ni wapole zaidi. Maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nyuki wale, kama kufungua saa sita mchana jua likiwa kali eti nyuki wengi wako nje malishoni, usiyachukue yalivyo ukayaleta Msabaha. Ukifungua mchana, waliokasirika wanabaki na saa nyingi za jua za kutafuta wa kumuuma. Nadhani mbuzi wako aliuawa na hizo saa.

Sasa bomba lenyewe. Nakuuliza: unatia nini? Nina shaka ni makumbi mabichi au karatasi tupu. Karatasi huwaka vuu ikaisha, na kabla ya kuisha hutema cheche. Makumbi mabichi huzima. Mimi yalinizimikia nikiwa nimeshika fremu mbili mkononi, kwenye shamba la mtu, miaka hiyo najiona fundi. Niliitoka ile shamba kwa kutambaa chini ya mikorosho. Tangu siku hiyo siligusi kifuniko cha mzinga kabla bomba halijatoa moshi dakika tano nzima bila kulisaidia.

Sisi Kilifi tuna bahati, vya kutia vimejaa. Makumbi makavu ya nazi yaliyochambuliwa nyuzi zake ni mazuri sana, yanashika moto polepole na moshi wake hauwashi. Sindano za mvinje zilizokauka, zile zinazotandika chini kama zulia, zinawasha upesi. Kipande cha gunia la katani kinafaa, mradi ni katani ya kweli. Siku hizi magunia mengi ni nailoni, na gunia lililobeba mbolea au dawa ya shamba halifai hata kama ni katani. Kinyesi cha ng'ombe kilichokauka kabisa kinadumu kuliko vyote, na harufu yake si mbaya kama unavyofikiri. Maranda ya fundi seremala ni sawa, lakini muulize kwanza kama mbao ilipakwa dawa ya mchwa. Mwarobaini mimi huuacha, kwa sababu uchungu wa moshi wake hukaa kwenye asali.

Kuwasha kuna utaratibu mmoja tu ninaouamini. Tia chini konzi ya sindano za mvinje, iwashe, pampu taratibu mpaka uone ulimi wa moto. Ongeza makumbi kidogo, pampu, subiri yashike. Ongeza tena. Watu wengi hujaza kopo mpaka juu kisha huwasha juu, na hapo moto hauna pa kwenda. Makaa lazima yawe chini, kwa sababu upepo wa mivukuto unaingilia chini. Likishajaa na kushindiliwa kiasi, weka juu konzi ya majani mabichi, ukoka unatosha. Majani hayo hupoza moshi na kushika cheche.

Kisha lijaribu. Elekeza mdomo wa bomba kwenye upande wa ndani wa mkono wako bila glovu, umbali wa shibiri moja, upulize. Ukihisi ubaridi, moshi uko tayari. Ukiunguzwa au ukiuona moshi ni mwembamba wa rangi ya samawati, ni wa moto bado. Ongeza majani mabichi, shindilia kidogo, subiri. Unaoutaka ni mweupe, mzito, mvivu. Moshi ambao mkono wako hauuvumilii, bawa la nyuki haliuvumilii pia.

Fika mzingani kiasi cha saa kumi na moja na nusu jioni. Simama kando au nyuma, usikae mbele ya mlango wao, na upepo uwe mgongoni mwako. Msimu wa kusi na msimu wa kaskazi utasimama pande tofauti za mzinga uleule, hili wengi hulisahau. Mlangoni piga mipulizo miwili au mitatu, basi. Ya taratibu, moshi uingie wenyewe usiwe wa kuchomeka kama mkuki. Sasa fanya lile ambalo kwa wengi ni gumu kuliko yote: weka bomba chini, ungoje dakika mbili. Utasikia mngurumo unapanda, unakaa juu kidogo, halafu unashuka. Ukishashuka ndipo uinue kifuniko upana wa kidole, pulizo moja chini yake, ukifunike tena, hesabu mpaka thelathini. Fungua.

Kuanzia hapo nyuki wenyewe watakwambia lini waongezewe. Wakiwa wanatembea juu ya fremu wakiendelea na shughuli zao, usipulize kitu. Ukiona wameanza kujipanga kwenye nafasi kati ya fremu na fremu, vichwa juu, wote wanakutazama wewe kama watoto waliosikia mlango wa duka umefunguliwa, hapo pulizo moja jepesi linalopita juu yao. Ukiumwa, usimpige nyuki wala usipige kelele. Ukwangue mwiba utoke upesi, kwa kucha au kwa ncha ya patasi, na upulize moshi palepale ulipochomwa kuizima ile harufu ya ndizi. Na hizo glovu unazifua lini? Glovu zilizochomwa miiba msimu mzima hubeba harufu ya vita. Unafika mzingani nyuki hawajakuona, mikono yako imeshawatukana. Zifue na vazi kila baada ya kuvuna.

Mizinga yako miwili ya KTBH haitakusumbua kama ile ya Langstroth, kwa sababu unafungua vijiti vya juu viwili vitatu upande mmoja na sehemu iliyobaki inakaa imefunikwa. Langstroth ukiondoa kifuniko umewaanika wote. Dawa yake ni leso kuukuu mbili zilizoloweshwa na kukamuliwa: funika nazo fremu zote isipokuwa ile unayoishughulikia. Sijaona kitu cha bei rahisi kinachopunguza ukali kama hicho, na moshi unatumia nusu.

Asali kunuka moshi kunatokana na kupuliza juu ya sega lililo wazi. Nta na asali hunyonya harufu, na ikishaingia haitoki, hata uichuje mara saba. Siku ya kuvuna moshi uishie mlangoni na chini ya kifuniko. Nyuki waliobaki kwenye sega uwapanguse kwa brashi laini au kwa majani mabichi yasiyo na utomvu, kisha sega liingie kwenye ndoo yenye mfuniko, na mfuniko ufungwe kila baada ya sega. Mnunuzi wa Watamu alikuwa na haki yake. Ila hiyo uliyorudishiwa, kama ulitumia makumbi tu, si mbovu: wako watu, hasa wazee, waliolelewa na asali ya mizinga ya magogo na bila moshi hawaoni kama ni asali. Wauzie hao, na uwaambie ukweli.

Umeuliza kuhusu maji. Yana mahali pake. Chupa ya kunyunyiza maji yenye sukari kidogo inafaa kwa kundi dogo changa, au ukitaka kutazama kijiti kimoja ufunge. Nyuki hushughulika kulambana, hawaruki. Lakini maji hayazuii ile mbiu, na kwa kundi kubwa la pwani lenye asali ya kutetea, mimi nisingekuja na chupa peke yake. Njia ya tatu ni kutofungua. Wafugaji wa mwaka wa kwanza na wa pili hufungua mno, kila wiki wanachungulia kama wapishi wa pilau wasio na subira. Kila ukifungua umewachosha.

Lipo na ambalo moshi hautalitatua hata upulize vipi. Nyuki wanaosumbuliwa na siafu au sisimizi usiku huamka wakali. Vivyo hivyo kundi lililotikiswa na nyegere, au siku ya mawingu mazito mvua ikinukia, au kipindi hakuna ua shambani na asali inaliwa akiba. Nguo nyeusi huwachokoza, kwa hiyo kama unavaa vazi jeupe halafu buibui linaonekana chini yake, livue. Marashi pia. Najua huku kwetu mtu hatoki nyumbani bila kunukia, lakini siku ya mzinga udi na halwaridi viwe vya baada ya kuoga jioni. Ukimaliza kuyatazama hayo yote na mzinga mmoja bado ni moto kuliko mingine mitatu, huenda ni kundi lenye damu kali tu. Kundi hilo litafutie mfugaji mzoefu wa karibu aje mfungue pamoja, au umwite afisa wa mifugo wa wadi yako, maana ufugaji wa nyuki Kenya uko chini ya idara ya mifugo na hiyo ni kazi yake. Dakika kumi za kumtazama mtu mikono inavyotembea zitakufaa kuliko barua yangu hii.

Mbuzi. Siku ya kufungua mizinga, wanyama wote wahamishwe mbali, na asifungwe hata mmoja. Mbuzi aliye huru hukimbia. Aliyefungwa anakufa kwenye kamba yake. Jirani waarifu kabla, kila mara, hata kama wanakereka. Na watoto wafundishwe hivi: nyuki wakikufuata, funika uso, kimbia moja kwa moja, ingia nyumbani ufunge mlango. Kisimani hapana. Nyuki hungoja juu ya maji, na mtoto anaweza kutumbukia.

Huyo mtoto sasa kama yu mzima, alhamdulillahi. Lakini ujue mpaka. Uvimbe na maumivu pale palipochomwa ni kawaida, hata kwa siku mbili. Mtu akianza kuhema kwa shida, midomo au ulimi ukavimba, vipele vikatoka sehemu zisizoumwa, akatapika au akaona kizunguzungu, ni hospitali saa hiyohiyo, hakuna kungoja limau wala kidonge cha mzio. Anahitaji sindano ya adrenalini na dakika zinahesabika. Aliyeumwa na nyuki wengi, na zaidi akiwa mtoto au mzee, apelekwe hata kama anazungumza vizuri, kwa kuwa sumu nyingi huweza kuharibu misuli na figo polepole, na mkojo kuwa mweusi siku ya pili ni dalili ya hatari. Na wewe kama umewahi kubanwa kifua baada ya kuumwa hata na nyuki mmoja, usifungue mzinga tena kabla ya kumwona daktari.

Giza likikukuta bado unafanya kazi, funga karatasi nyekundu inayopitisha mwanga kwenye tochi. Nyuki haoni rangi nyekundu. Mwanga mweupe utawaleta wote usoni pako.

Ukimaliza, bomba usilimwage chini ya mivinje, hasa kati ya Januari na Machi majani yakiwa makavu na kaskazi inavuma. Paa la makuti halihitaji zaidi ya cheche moja. Ziba mdomo wa bomba kwa kumbi bichi lililokazwa, lilaze ubavu juu ya mchanga mtupu mbali na nyumba, liachie mpaka asubuhi. Yale makumbi yaliyobaki ndani yakiwa meusi nusu-makaa usiyatupe. Hayo ndiyo hushika moto upesi kuliko kitu chochote, utaanzia nayo safari ijayo.